Jicho la Pili la Baba

Addis Ababa, mwezi wa Hidar, tarehe 3

Gashe Mekuria mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa studio, na pole kwa baridi ya Gondar. Naandika kwa mkono kwa sababu najua masikio yako hayapatani na simu, na kwa kuwa michoro yako inasafiri kwa basi, acha na maneno yetu yapande basi hilohilo.

Picha za kwanza zimefika salama. Nyumba, ngazi za mawe, punda, mama akikaanga kahawa: wenzangu waliacha kazi zao wakaja kuzitazama. Lakini nikizipanga mezani kwa mfuatano wa wimbo naona shida. Upindo wa shuka la mama ni wa kijani kwenye picha ya pili, na kwenye ya nne umekuwa wa njano. Nyekundu ya mlango haijatulia. Na baba, Gashe, baba anatembea miguu imeelekea kulia huku uso wote ametugeuzia sisi, kama mtu anayekimbilia basi na papo hapo anapigwa picha ya pasipoti. Ukutani kanisani inapendeza. Kwenye katuni, mtu huyo akianza kusogea watoto watacheka.

Unajua kwamba hii si kazi ya mteja. Wimbo ni wa kaka yangu Habtamu, na baba anayeimbwa ni baba yetu. Alikufa kwa homa njiani akielekea Metema, Habtamu akiwa na miaka mitano, mimi nikiwa bado mgongoni. Haikubaki hata picha yake moja. Uso utakaouchora wewe ndio pekee nitakaokuwa nao. Kwa hiyo nakuomba awe mtu mmoja, tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwenye kazi hii, mengine tutasameheana.

Naambatanisha karatasi ya mwongozo. Nimemchora baba kwa mbele, kwa mshazari na kwa ubavu, kwa jinsi mama alivyonisimulia: paji pana, nyusi nzito. Ifuate hiyo.

Wako,
Tsedale


Gondar, Hidar 11

Mwanangu Tsedale,

Amani iwe kwako. Upindo wa shuka la mama yako ulibadilika kwa sababu kijani kiliniishia, na duka la rangi la hapa hufunguliwa mwenyewe akijisikia. Nimerekebisha. Nyekundu haitulii kwa sababu naichanganya mwenyewe. Nyekundu inayotulia ni ya wavivu, lakini nitaituliza kwa ajili yako. Kuhusu mwendo, nimechora kuta za makanisa tangu sijaota ndevu, na hakuna malaika aliyewahi kunilalamikia kwamba miguu yake imeelekea upande mwingine.

Karatasi yako ya baba nimeipokea. Mwanzoni sikuamini, nikamwita mke wangu naye akaitazama. Kisha nikaelewa. Sikujua, mwanangu. Maneno ya wimbo ni matamu, nani angejua? Lakini wewe umenionyesha kwa adabu bila kusema, na mimi nitachora kwa adabu bila kuuliza. Mambo ya nyumba husitiriwa na wenye nyumba. Pole sana, na Habtamu naye mpe pole yangu.

Mahali pa kuanzia nimepachagua mwenyewe. Utapaona.

Mekuria


Addis Ababa, Hidar 19

Gashe Mekuria,

Barua yako nimeirudia na kuirudia, na bado ni giza kwangu. Pole ya nini? Baba alikufa zamani. Habtamu naye hakuielewa. Alicheka tu, akasema wazee wa Gondar hutoa pole kama watu wengine wanavyotoa salamu.

Picha ni nzuri kuliko za kwanza, upindo umetulia, mlango umetulia. Ila kufikia ile ya tisa, baba anapotoka nyumbani, ghafla amegeuka ubavu. Jicho moja, pua kama kisu, ngozi imeingia majivu. Na hivyo ndivyo anavyobaki njia nzima mpaka mwisho. Ukiweka ya kwanza karibu na ya mwisho, ni watu wawili ambao hata hawajuani. Bisrat, yule anayeziunganisha picha zako kwenye kompyuta kwa kuchora zile za katikati, aliniuliza, "Dada, huyu jamaa wa pili ni nani, mjomba?"

Sikutaka kukusumbua tena. Mwendo wa ubavuni unatiririka vizuri, na ule wa mbele ndio uliokuwa umetushinda. Kwa hiyo tumemchukua yule baba wa ubavu tukamweka kila mahali: akipanda ngazi, akinywa kahawa, hata akimbembeleza mtoto, ambaye ni mimi. Majivu tumeyafuta usoni. Sasa ni mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, na mimi nimeshaanza kumzoea. Jana nilijikuta ninamwambia kwaheri nikizima kompyuta.

Jumapili mama anakuja kutazama. Nina furaha, Gashe, na furaha hiyo umenipa wewe, pamoja na ukaidi wako wote.

Tsedale


Gondar, Hidar 24

Tsedale,

Ikiwa barua hii imefika kabla ya Jumapili, usimwonyeshe mama yako.

Mimi nilimnyima jicho pale alipovuka kizingiti, maana nilidhani ndipo ubaya wake ulipoanza. Wewe umemnyima hata akiwa amemshika mtoto. Mwanangu, umekuwa mkali kuliko walimu wangu, na walimu wangu walikuwa watu wasio na huruma. Watu wema tunawachora uso mzima, macho mawili. Waovu tunawapa ubavu, jicho moja, ili anayesali asigongane nao macho. Unalijua hili, umekulia makanisani kama mimi. Punda na farasi tu ndio hawahesabiwi. Ulipomweka baba yako kwa ubavu kwenye karatasi ya mwongozo, nikajua unachoniambia. Ila sikujua kwamba unataka aadhibiwe wimbo mzima.

Sikuulizi alifanya nini. Lakini mama yako aliishi naye. Je, amekubali achorwe hivyo?

Mekuria


Addis Ababa, Hidar 29

Gashe,

Barua yako imefika Jumanne. Mama aliona Jumapili.

Alikuja na mtandio wake mweupe wa kanisani, akatubusu sote, hata Bisrat. Tulichoma ubani, tukampa kiti cha mbele na kikombe cha kahawa. Nyumba ikatokea, akatabasamu. Punda akatokea, akasema, "Huyu ni yule mkaidi wetu." Baba akaingia. Mama akainama mbele kutazama. Baba akapanda ngazi, akaketi, akamchukua mtoto. Mama akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Nani aliwaambia?"

Habtamu akamwuliza, "Kutuambia nini, Mama?"

"Msinifanye mimi mjinga. Nani aliwaambia? Zewditu naye amejua?"

Zewditu ni jirani yetu, hatukuona anahusikaje. Mama akajitanda mtandio, akatoka, wimbo ukiwa bado unaimba. Mpaka leo hataki kutufungulia mlango. Mfungo umeanza na sisi hatujui hata kama anakula jioni.

Nimekukasirikia, Gashe, acha niseme wazi. Mimi nilikuwa nakuonyesha pua ya baba ikitazamwa kutoka pembeni, basi. Kila karatasi ya mwongozo duniani ina mbele, mshazari na ubavu. Nimewaona wale wa jicho moja kanisani tangu utotoni, ila haikunijia kamwe kwamba baba yangu angeweza kukaa ukuta mmoja na wao. Umemhukumu mtu kwa sababu ya pua. Kisha mimi, kwa mikono yangu, nikaisambaza hukumu yako wimbo mzima na kuiita nadhifu.

Lakini kuna kitu kinachonichanganya zaidi ya hasira. Mama angeweza kusema, "Mnamtukana baba yenu." Hakusema hivyo. Amesema, "Nani aliwaambia?" Ulimjua baba yangu, Gashe? Kama ulimjua, niambie sasa.

Tsedale


Gondar, Tahsas 4

Mwanangu,

Sikumjua. Naapa kwa Mtakatifu Gabrieli, ambaye nimemchora mara nyingi kiasi kwamba ananidai heshima.

Kuuliza si ujinga, na mimi niliona kuuliza ni utovu wa adabu. Hapo ndipo nilipokosea. Mke wangu aliniambia siku ileile, "Mzee, labda huyo msichana amechora pua tu." Nikamwambia anyamaze, yeye haijui sanaa. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama leo sanaa imelala vizuri.

Nitachora upya picha zote, macho mawili mpaka kwenye kisogo ukitaka. Lakini kwanza nenda kwa mama yako. Asipofungua, kaa mlangoni. Mama hawezi kumwacha mtoto mlangoni baridi hii ya Tahsas.

Mekuria


Addis Ababa, Tahsas 13

Gashe Mekuria,

Nilikaa mlangoni, akafungua. Akanipa mchuzi wa shiro, akanitazama nikila mpaka sahani ikawa tupu, kisha akasema, "Hakufa."

"Nani?"

"Baba yako. Au amekufa, mimi nitajuaje? Sikumzika."

Zamani zile za wanajeshi, baba alikuwa akifanya kazi ofisi ya mtaa. Walikuwa wanataka majina ya vijana wanaoipinga serikali. Kila mtu wa ofisi alitakiwa alete lake. Baba akawapa la Fikru. Fikru alikuwa mtoto wa pekee wa Etiye Zewditu, jirani tunayepakana naye ukuta, yule aliyenifundisha kusuka nywele. Picha yake iko sebuleni kwa Etiye hadi leo, amevaa sare ya shule. Walimchukua, hakurudi. Haukupita muda baba naye akaondoka bila kuaga. Mama akazichoma picha zake zote jikoni, akatutungia ile homa ya Metema.

Na tangu hapo, Gashe, mama anakunywa kahawa na Etiye Zewditu. Kila siku, vikombe vitatu. Etiye hajui ni nani aliyemtaja mwanawe, na mama anajua, naye humimina. Nilimwuliza aliwezaje. Akasema, "Kwani mimi nimeweza?"

Wimbo wa Habtamu ulikuwa umemtia hofu tangu mwanzo. Ukitoka, utaonyeshwa kila nyumba yenye televisheni, na ya Etiye ikiwemo. Habtamu sasa anataka kuutupa, anasema amemwimbia mtu asiyekuwepo. Mama amekataa. Sikiliza alivyosema: "Alipokuwa akikubembeleza alikuwa na macho mawili. Nilikuwepo, nilimwona. Mrudishieni. Lakini mkimwacha na macho mawili mpaka mwisho, nitamtazamaje Zewditu?"

Nikamwuliza, "Na pale anapoondoka, Mama?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala. Nilipoamka hayupo."

Kwa hiyo mimi, niliyekugombeza kwa ajili ya upindo wa shuka, sasa nakuandikia sijui hata baba yangu ana macho mangapi. Nilitaka mtu mmoja. Nimepewa wawili, na wote nawapenda, na mmoja wao namwonea kichefuchefu, na sijui anaanzia wapi. Wimbo hatutautoa tena Genna, Krismasi yetu, huenda tukautoa Pasaka. Picha ya tisa tuichore vipi?

Tsedale


Gondar, Tahsas 20

Mwanangu Tsedale,

Nimekaa na barua yako siku nzima bila kushika brashi. Mke wangu safari hii hajanitania.

Ile ya mtoto nimeichora upya. Amemshika kwa mikono miwili na anakutazama wewe, macho mawili, makubwa. Kufanya hivyo hakukunisumbua. Mtu anaweza kumpenda mtoto wake na akaenda ofisini.

Ya tisa nimeshindwa. Nimekupelekea mlango tu, mwekundu, na njia, na asubuhi. Mtu hayumo. Zamani tulipokuwa hatujui kama aliyetoa sadaka ya ukuta, ambaye naye huchorwa hapo, ni mwema au la, mwalimu wangu alikuwa akituambia tuache nafasi, tuchore miti kwanza. Nimechora miti. Nafasi nimeiacha.

Mekuria


Addis Ababa, Tir 2

Gashe,

Jana mama alimwita Etiye Zewditu kwa kahawa. Aliniambia, "Na wewe ukae. Nikikimbia, unishike."

Kikombe cha kwanza kilipita wakizungumzia bei ya vitunguu na harusi ya mjukuu wa padri. Cha pili kikamiminwa. Mama akasema, "Zewde, kuna jambo la Fikru."

Etiye akasema, "Kunywa, Asku, inapoa."

"Mume wangu ndiye aliye—"

"Najua ni nani."

Mama aliinamisha birika, kahawa ikawa inamwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyeizuia. Etiye akaendelea kwa sauti ileile ya vitunguu.

"Asubuhi ile aliyoondoka nilikuwa natoka kinuni. Nikamkuta amesimama mlangoni kwangu. Amenipa kisogo, mkono ameuinua, anataka kubisha. Mimi nikasimama nyuma yake na unga wangu mgongoni. Akakaa hivyo, akakaa. Kisha akaushusha, akaenda zake. Nikasema moyoni, asiye na hatia hubisha hodi."

Mama akalia, akamwuliza, "Na miaka yote hii unakuja kunywa kahawa kwangu?"

"Ningekunywa na nani? Wakati wa Fikru, wengine walivuka barabara wasinisalimie, wanaogopa. Wewe ulikuja ukalala kwangu, na mtoto mgongoni. Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikaona huniambii, nikasema basi, Asku hawezi, nisimsukume."

Wakashikana mikono. Mimi nikafuta mkeka kwa sababu sikujua la kufanya. Kisha nikamweleza Etiye kuhusu wimbo, picha ya tisa, na nafasi uliyoiacha. Nikamwuliza tumpe jicho moja au mawili. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote, naapa, hata la kufuta wimbo.

Akasema, "Uso wake mimi sikuuona, mwanangu. Nilichokiona nimekwambia. Chora hicho."

Kikombe cha tatu, cha baraka, walikinywa. Baridi.

Tsedale


Gondar, Tir 14

Mwanangu Tsedale,

Nimechora. Maishani mwangu sijawahi kumchora mtu kwa kisogo. Kanisani hakuna mahali pake, maana hujui umwinamie au umpite. Nilimsimamisha mke wangu mlangoni na koti langu ili nione mabega yanavyokaa. Alilalamika kuhusu baridi, lakini alisimama.

Kwa hiyo ni mlango wa jirani, si wenu, na njia, na unga kidogo umemwagika chini upande huu, kwa ajili ya yule anayetazama. Mkono uko juu, vidole vimekaribia ubao. Hakuna mtu atakayemhesabia macho.

Nina swali moja la kazi, na safari hii nauliza. Hapo wimbo una filimbi ndefu bila maneno. Picha moja haitatosha, Bisrat atahitaji nyingine ya kufuatia. Kwenye hiyo inayofuata, mkono niushushe? Muulize Bi Zewditu. Mimi nasubiri.

Mekuria


Addis Ababa, Tir 21

Gashe Mekuria,

Nilimpelekea picha nyumbani kwake. Aliiegemeza chini ya ile ya Fikru, akavaa miwani, akaitazama mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo. Nikamwuliza swali lako.

"Najua mkono ulishuka," akasema. "Niliuona kwa macho yangu. Lakini mwambie mzee asiushushe."

Tsedale